Daktari Anthony Allison na Fumbo la Selimundu

Safari hii napenda kuwaletea habari za maisha ya Daktari Anthony Allison, mtaalamu wa damu, aliyefariki mwaka 2014. Katika vyuo vya utabibu jina lake hutajwa kila mwaka, lakini huku vijijini kwetu ni wachache wanaolijua. Hata hivyo kazi yake kubwa aliifanyia hapa Afrika Mashariki, kwa damu ya watu wa hapa hapa, na sehemu moja ya kazi hiyo aliikamilishia Tanganyika.

Nina sababu yangu ya kumchagua. Nilipoanza kazi ya ualimu katika miaka ya 1980, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne katika shule moja ya kijijini, huku huku uwanda wa kati. Kila kipupwe kilipoingia, mwezi wa Juni na Julai, upepo wetu unapopenya hadi mifupani, mtoto yule alikuwa akiketi nje penye ukuta wa mashariki, akiota jua na kushika magoti. Macho yake yalikuwa ya manjano. Wakati wa mchakamchaka alibaki nyuma ya wenzake. Mimi nilimdhania mvivu, na zaidi ya mara moja nilimchapa. Siku moja hakuja, na baada ya majuma mawili tukaenda kuzika. Pale msibani nikasikia watu wakinong'ona juu ya mama yake, kwamba huyu ni mtoto wa pili kumzika, na kwamba katika ukoo wake kuna jambo. Mwaka haukuisha, mama yule akarudishwa kwao.

Miaka mingi baadaye, katika semina ya walimu, daktari mmoja alitueleza dalili za selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Alipotaja macho ya manjano, maumivu ya mifupa wakati wa baridi na kuchoka upesi, nilimwona mwanafunzi wangu amesimama mbele yangu. Tangu siku hiyo nimetafuta kusoma habari za ugonjwa huu, na ndipo nilipokutana na jina la Allison.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo, mfano wa kitumbua kilichobonyezwa katikati, nazo hupita kwa urahisi katika mishipa myembamba. Ndani yake mna himoglobini, yenye madini ya chuma, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa safi na kuipeleka mwilini. Kwa mgonjwa wa selimundu himoglobini hiyo ina kasoro. Hewa inapopungua, chembe hupinda kama mundu wa kuvunia, zikakwama katika mishipa na kuleta maumivu makali. Tena chembe hizo hufa upesi. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa manjano. Dawa za kuongeza madini ya chuma peke yake haziuondoi ugonjwa huu, na mgonjwa anayeongezewa damu mara nyingi huweza hata kulundika chuma mwilini kupita kiasi.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika habari za chembe hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Mwaka 1949 mambo mawili yalifahamika. Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe. Mwaka huo huo James Neel alionyesha jinsi ugonjwa unavyorithiwa.

Nilipokuwa nikifundisha jambo hili nilitumia punje za mtama. Baba ana punje mbili mkononi, moja nyeupe na moja nyekundu. Mama naye vivyo hivyo. Kila mmoja anafumba macho na kumpa mtoto punje moja. Mtoto akipata nyeupe mbili, ni mzima kabisa. Akipata nyeupe moja na nyekundu moja, ni mbebaji kama wazazi wake, wala kwa kawaida hataugua. Akipata nyekundu mbili, huyo ndiye mgonjwa. Basi katika nafasi nne, moja ni ya ugonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Haikumbuki mtoto aliyetangulia. Angalieni pia kwamba mama hawezi kuzaa mtoto huyo kwa punje zake peke yake. Lazima baba naye awe ametoa yake.

UTOTO NA MASOMO

Anthony Allison alizaliwa tarehe 21 Agosti 1925 huko Afrika Kusini, lakini alilelewa Kenya, katika shamba la wazazi wake huko Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Alisoma shule ya bweni Nakuru, kisha shule ya Prince of Wales mjini Nairobi, ambayo sasa huitwa Nairobi School. Zilikuwa shule za watoto wa Kizungu peke yao, kama ilivyokuwa desturi ya utawala wa kikoloni. Tangu ujana alipenda viumbe vya porini na habari za watu wa kale.

Alikwenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha Oxford huko Uingereza kusomea udaktari. Katika masomo hayo alisoma pia maandishi ya wataalamu waliokuwa wakipiga hesabu za urithi: jinsi sifa fulani inavyoongezeka au kupungua katika ukoo wa viumbe kwa vizazi vingi. Hesabu hizo zilimsaidia sana baadaye.

SAFARI YA MLIMA KENYA

Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, Allison alijiunga na wenzake wa Oxford katika safari ya utafiti ya Mlima Kenya. Wenzake walishughulikia mimea na wadudu. Yeye alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ili kuchunguza makundi ya damu, na pamoja na hayo akapima kama chembe zao zinapinda.

Alichokiona kilimshangaza. Katika watu wa nyanda za juu, penye baridi, wabebaji walikuwa chini ya mtu 1 katika 100. Lakini pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria, walizidi watu 20 katika 100. Ilikuwa nchi moja, na baadhi ya makabila hayo yana undugu wa lugha na desturi. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo?

Tena kulikuwa na swali zito zaidi. Siku zile watoto wengi wenye selimundu walikufa kabla ya kukua na kuzaa. Kila mtoto aliyekufa alikwenda kaburini na punje zake mbili nyekundu. Kwa hesabu hiyo punje nyekundu zingepaswa kupungua kizazi kwa kizazi, hata zikaisha. Mbona hazikuisha? Mbona mahali pengine ziko kwa watu 20 katika kila 100?

Allison aliitazama ramani. Pwani na Ziwa ni nchi za joto na maji, nazo ndizo nchi za mbu na malaria. Nyanda za juu hazikuwa na malaria. Hapo akapata wazo: huenda mwenye punje moja nyekundu hupata kinga dhidi ya malaria. Mtoto mwenye nyeupe mbili hufa kwa malaria, mwenye nyekundu mbili hufa kwa selimundu, na yule wa katikati, mwenye moja moja, huishi, huoa na kuzaa. Kwa hiyo punje nyekundu hupotea kila mwaka kwa vifo vya watoto, na kila mwaka hulindwa na uhai wa wengine.

Wazo hilo hakukimbilia kulitangaza. Alirudi Oxford, akamaliza kwanza masomo yake ya udaktari mwaka 1952. Mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki kulipima.

KAZI YA MWAKA 1953

Alilipima kwa njia tatu. Kwanza aliwapima watoto 290 karibu na Kampala, Uganda. Kati yao 43 walikuwa wabebaji, na 12 kati ya hao walikutwa na vijidudu vya malaria katika damu, yaani kama 28 katika 100. Katika wale 247 wasio wabebaji, 113 walikuwa na vijidudu, yaani kama 46 katika 100. Tofauti ilionekana.

Njia ya pili ni ile ambayo imezungumzwa sana. Wajaluo 30, watu wazima waliokuwa wamekaa Nairobi kwa muda mrefu mbali na malaria, walijitolea. Kumi na watano walikuwa wabebaji na kumi na watano si wabebaji. Wote waliambukizwa malaria kwa makusudi, wakaangaliwa, kisha wakatibiwa. Katika wale wasio wabebaji, 14 waliugua. Katika wabebaji waliugua 2 tu.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa kirahisi, na wengi wamemlaumu Allison kwa ajili yake. Ilikuwa wakati wa ukoloni, na mwafrika kusema hapana mbele ya daktari wa Kizungu halikuwa jambo jepesi. Mimi sina la kumtetea. Nasema tu kwamba elimu tunayoifaidi leo ilipita katika miili ya watu wale thelathini, na majina yao hatuyasomi vitabuni kama tunavyolisoma lake. Tukimkumbuka yeye, tuwakumbuke na wao.

Njia ya tatu ilikuwa ya kutembea. Allison alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu karibu 5000 wa makabila zaidi ya 30. Kila alipofika mahali penye malaria nyingi alikuta wabebaji wengi, na kila alipofika pasipo na malaria alikuta wachache mno. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 28 tu, alichapisha matokeo hayo.

HESABU ZA MUSOMA

Sasa nifike nyumbani. Mwaka 1956 Allison alichapisha hesabu za damu kutoka wilaya ya Musoma, Tanganyika. Nazipenda hesabu hizi kuliko zote, kwa sababu mtoto wa shule ya msingi aweza kuzifuata.

Walipimwa watoto wachanga 287. Wenye nyeupe mbili walikuwa 189, wabebaji 89, na wagonjwa 9. Kisha walipimwa watu wazima 654 wa nchi ile ile. Wenye nyeupe mbili walikuwa 400, wabebaji 249, na wagonjwa 5.

Chukueni kalamu. Katika watoto, wagonjwa walikuwa kama 3 katika 100. Katika watu wazima hawakufika hata 1. Wale waliopungua wako wapi? Walikwisha kuzikwa. Lakini tazameni wabebaji. Katika watoto walikuwa 31 katika 100, na katika watu wazima 38. Mtu hawezi kugeuka kuwa mbebaji ukubwani, maana punje zake hupewa tangu tumboni. Idadi yao ilipanda kwa sababu wenzao wasio na kinga walipungua njiani, wengi wao kwa malaria. Basi katika karatasi ile moja mna misiba ya aina mbili ya akina mama wa Musoma, na mna pia watoto walioponea katikati.

KUPINGWA NA KUKUBALIWA

Si wote waliomkubali. Watafiti wengine, hapa Afrika Mashariki na hata Marekani, walifanya majaribio yanayofanana na yake wasione tofauti aliyoiona. Mabishano yaliendelea kwa miaka. Baadaye ikaeleweka kwamba kinga hiyo huonekana zaidi kwa mtoto mdogo, kabla mwili wake haujajijengea nguvu zake wenyewe za kupambana na malaria, na kwamba faida yake kubwa ni kumzuia asipate malaria kali ya kuua. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2005, zaidi ya miaka 50 tangu aanze kazi, ulionyesha kwamba mbebaji hukingwa kwa kiasi cha 90 katika 100 dhidi ya malaria kali. Allison alikuwa hai kuyaona hayo.

Yeye mwenyewe hakukaa akingoja sifa. Alishughulikia pia kasoro nyingine ya kurithi ya chembe nyekundu, iitwayo upungufu wa G6PD, ambayo nayo huonekana zaidi katika nchi za malaria. Katika kazi hiyo alishirikiana na Daktari David Clyde, mtaalamu wa malaria aliyetumika Tanganyika.

MIAKA YA BAADAYE

Kwa miaka mingi Allison alifanya utafiti London. Mwaka 1978 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, iliyoshughulikia ndigana kali na nagana. Sisi tuliokulia katika nyumba za wafugaji tunajua hasara ya magonjwa hayo bila kuambiwa.

Kisha akahamia California, Marekani, akafanya kazi pamoja na mkewe, Daktari Elsie Eugui. Huko alirudia tena somo lake la zamani, kwamba ugonjwa wa kurithi waweza kuwa mwalimu. Alikuwa amewaangalia watoto wanaozaliwa na upungufu fulani mwilini ambao huwaondolea askari wa damu, na wengine wenye upungufu wa namna nyingine ambao askari wao hubaki salama. Kwa kulinganisha watoto hao alitambua jambo moja ambalo askari hao hulitegemea ili waongezeke. Yeye na mkewe wakatengeneza dawa iitwayo mycophenolate mofetil, ya kuwatuliza askari hao wasimshambulie mgeni mwema. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na tangu hapo imetumika duniani kote kwa watu waliopandikizwa figo. Wakazi wa Dodoma mnajua kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Bila dawa za namna hiyo, figo ya ndugu isingekaa.

Daktari Allison alifariki California tarehe 20 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 88.

TUNAYOJIFUNZA

Inakadiriwa kuwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu hapa Tanzania. Dodoma ya leo si ile ya ujana wangu. Tangu makao makuu yalipoamuliwa kuhamia hapa mwaka 1973, na hasa katika miaka hii ya karibuni, watu wa Ziwa, wa pwani na wa kila mkoa wamekuja, wanaoana na kuzaa. Hakuna tena anayeweza kusema kwamba ugonjwa huu ni wa watu wengine.

Wala si ugonjwa usio na msaada. Mtoto akitambuliwa mapema, akapewa kinga dhidi ya magonjwa ya kuambukiza, akalazwa ndani ya chandarua, akanyweshwa maji ya kutosha na kuvikwa nguo za joto wakati wa kipupwe, aweza kusoma na kukua. Iko dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu, na hapa Dodoma, katika hospitali hiyo hiyo ya Benjamin Mkapa, kumeanza hata kupandikiza uloto. Msisahau kwamba mwenye punje mbili nyekundu hana ile kinga ya mbebaji. Malaria kwake ni hatari kubwa. Vijana mnaokusudia kufunga ndoa, nendeni mkapime damu wote wawili kabla ya siku kutangazwa, ili mjue mnaingia na punje gani.

Lakini fundisho kubwa ninaloliona katika maisha ya Daktari Allison ni hili. Kile kilichomuua mtoto ndicho kilichowaokoa wazee wake. Babu na bibi wa mtoto yule waliponea malaria kwa sababu ya punje moja nyekundu, na bila hiyo huenda ukoo wenyewe usingalikuwapo. Hakuna laana hapo, wala mkono wa mtu. Katika Injili ya Yohana twasoma jinsi wanafunzi walivyotaka kujua ni kosa la nani mtu akizaliwa kipofu, na jinsi Bwana alivyolikataa swali hilo. Sisi bado tunaliuliza misibani, na mara nyingi tunamwuliza mama peke yake.

Mwanafunzi wangu sikumwomba radhi, na mama yake sikupata kumwona tena. Walimu mlio kazini, mkimwona mtoto ameketi penye ukuta wa mashariki asubuhi ya Julai, akishika magoti, msichukue fimbo. Mwangalieni macho kwanza, kisha mwiteni baba na mama yake, wote wawili, waende naye hospitali.